Dada wa Bwana Pasi

Wanafunzi wa shule moja ya bweni walimwita Mama Mwiko, na jina lilimkaa kama gauni lililoshonwa kwa kipimo. Alikuwa mpishi mkuu. Tangu ujana wake alidamka kabla ya jogoo, akakoroga uji kwenye masufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani yake, akarudi nyumbani jioni nywele zikinuka moshi na vitunguu, kisha akawasha jiko la pili, la mumewe. Nguo zake zilikuwa za aina mbili tu: za kupikia, na zile zilizokuwa za kutokea kabla hazijageuka za kupikia. Ukimwuliza anapenda rangi gani, alikujibu kwamba anapenda ile isiyoonyesha mafuta.

Mtu wa nguo alikuwa mumewe. Mtaani walimwita Bwana Pasi, maana mstari wa suruali yake ungeweza kukata kitunguu. Siku za kazi alikuwa karani wa kampuni ya malori, na siku za mapumziko alipiga gitaa kwenye bendi. Alikuwa na viatu vya kila shati, na shati la kila hali ya hewa. Pasi yenyewe, bila shaka, aliishika mkewe.

Kila mwaka, likizo ikifika, Bwana Pasi aliondoka na bendi kwenda kupiga muziki kwenye hoteli moja kando ya ziwa. Ni kazi, alisema, wala si starehe. Mama Mwiko alimpangia mashati kwenye sanduku, halafu akamjazia makopo: nyama iliyokaangwa ikakauka, mikate ya maziwa, na biskuti za tangawizi.

"Wape na wenzio," alimwambia, "wasije wakasema umeoa mchoyo."

Naye alirudi na makopo matupu, yameoshwa yakang'aa, pamoja na salamu. "Wamesema una mkono mtamu." Salamu hizo Mama Mwiko aliishi nazo mwaka mzima, mpaka likizo nyingine.

Tena alikuwa na wimbo. Jioni, yeye akiwa jikoni, mumewe alikaa barazani na gitaa lake, na kila mara alimalizia kwa tuni moja ya polepole isiyo na maneno. Siku moja Mama Mwiko alimwuliza ni wimbo gani.

"Wa hivihivi tu," Bwana Pasi alijibu. "Wa nyumbani."

Wa nyumbani! Mama Mwiko akauchukua kuwa wake. Hakumwambia mtu, lakini mchuzi wake ulikorogwa kwa mwendo wa tuni ile, na mkono ukishazoea jambo hauulizi tena.

Bwana Pasi aliacha bendi mwaka mmoja kabla mkewe hajastaafu, baada ya kuugua vibaya. Ndiyo maana Mama Mwiko alishangaa, siku chache baada ya kukabidhi funguo za jiko la shule, mumewe alipoweka kikombe chini na kusema, "Mke wangu, mwaka huu twende ziwani sote wawili. Tukapumzike kama watu."

"Mimi?"

"Kwani nina mke mwingine?"

Alikimbia kwa fundi wa nguo kama msichana aliyeposwa. Fundi, mwanamke mcheshi aliyezoea kumwekea viraka tu, alimzungushia utepe wa kupimia, akashika kiuno.

"Mabega haya yote, mama, ulikuwa unamfichia nani?"

"Nilikuwa nayaficha, mvuke usiyaone."

Walicheka mpaka pini zikamwagika. Likashonwa gauni la rangi ya limau, mabega wazi kidogo, na mengine mawili mepesi ya mchana. Binti yao, aliyeolewa mji mwingine, alituma miwani ya jua. Mama Mwiko mwenyewe alijinunulia kofia pana ya ukili yenye utepe, akajitazama kwenye kioo mbele, nyuma na ubavuni. Bwana Pasi alipomwona amevaa kofia ile, alisimama mlangoni.

"Kofia imezidi," alisema hatimaye.

"Imezidi nini?"

"Imezidi tu."

Mama Mwiko akaichukua hivyohivyo.

Hoteli yenyewe ilikuwa nyumba ndefu yenye rangi nyeupe, bustani ikishuka hadi majini. Mapokezini alisimama dada mmoja kijana mwenye tai shingoni. Kumwona Bwana Pasi tu, akatoka nyuma ya meza.

"Mzee wetu! Mwaka jana tulikukosa." Halafu akashusha sauti na kumshika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, mzee. Bendi ilipokuja ndipo tukapata habari za mama. Tulilia hapa, hata mpishi alilia."

Mama Mwiko, kofia kichwani, alidhani wanamzungumzia mama mkwe. Akataka kusema kwamba mama mkwe ni marehemu wa siku nyingi, tena alifia mikononi mwake yeye mwenyewe. Lakini yule dada alikuwa akiendelea.

"Mkeo alikuwa mtu wa watu. Sauti ile hatutaipata tena." Akageuka, akatabasamu kwa heshima. "Na huyu mgeni wetu ni...?"

Bwana Pasi alifungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Dada yangu," alisema. "Dada yangu mkubwa."

"Karibu sana, dada! Umefanya vizuri kumleta kaka yako apunguze mawazo. Basi ngoja niwabadilishie, niwape chumba cha vitanda viwili."

Kuna maneno ambayo mtu akiyasikia hawezi hata kukasirika mara moja, mpaka kwanza ajiulize kama masikio ni yake. Mama Mwiko alimfuata mbeba mizigo kwenye korido, viatu vipya vikilia, na mlango ulipofungwa aliketi kwenye kitanda kimoja. Mumewe aliketi kwenye kile kingine. Kabla ya kuketi alivuta suruali magotini isijikunje.

"Nani amekufa?" Mama Mwiko aliuliza.

"Alikuwa anaimba kwenye bendi."

"Sikukuuliza kazi yake."

Bwana Pasi alitazama sakafu. "Walidhani wenyewe kuwa ni mke wangu. Mimi sikuwasahihisha."

"Tangu lini?"

"Binti yetu alikuwa bado shule ya msingi."

Binti huyo sasa alikuwa na mtoto wake wa kumpeleka shule ya msingi. Mama Mwiko alivua kofia, akaiweka mapajani.

"Na makopo yangu?"

"Makopo gani?"

"Nyama. Mikate. Biskuti. Alikula?"

"Alipenda sana zile biskuti," Bwana Pasi alisema, na uso wake ukalainika bila yeye kujua. "Yeye hakujua kupika hata yai. Alikuwa akisema..."

"Nyamaza."

Nje watoto wa wageni walikuwa wakipiga kelele majini. Mama Mwiko alikuwa amefika kwenye jambo jingine, na hilo lilimjia polepole, kama harufu ya kitu kinachoungua chumba cha pili.

"Na ule ugonjwa wako?"

Hakuhitaji kujibiwa. Aliukumbuka wote. Mumewe amegeukia ukutani, hali chakula, hasemi. Daktari amepima hiki na kile, asione kitu. Yeye ameomba ruhusa kazini, anachemsha mifupa tangu asubuhi ili supu itoke nzito, anamnyanyua kichwa, anamlisha kijiko kwa kijiko. Machozi yakimtoka mgonjwa, anayafuta na kumwambia, "Ni homa hiyo, baba, itapita." Akatoka mara mbili kwenda kulia mwenyewe chooni, akimwomba Mungu asimfanye mjane.

"Nilikulisha msiba wa mwanamke mwingine," alisema. "Kwa kijiko."

"Nilitaka kukwambia."

"Na hapa umenileta kufanya nini?"

"Nilitaka tuanze upya. Mimi na wewe."

"Na dada mkubwa?"

"Maneno yalinitoka tu, mke wangu."

Mama Mwiko aliinuka. Angeweza kupiga kelele. Kifua alikuwa nacho, alishatuliza bwalo zima la wavulana wenye njaa kwa sauti yake peke yake. Angeweza kushika sanduku na kurudi. Badala yake aliingia bafuni, akanawa uso, akavaa gauni la limau. Akaweka kofia kichwani, ingawa jua lilikuwa linazama.

"Unakwenda wapi?" mumewe aliuliza.

"Kula. Twende, kaka, tusichelewe."

Bwana Pasi alicheka kidogo, akidhani ni mzaha. Hakuwa amemwelewa bado.

Mezani alielewa. "Kaka, nipitishie chumvi," Mama Mwiko alisema mbele ya mhudumu. "Kaka, mkate huo unaumaliza?" Samaki alikuwa amekaangwa akapitiliza, na viazi havikuiva katikati, lakini kilikuwa chakula cha kwanza kwa miaka mingi ambacho hakukipika yeye. Alikila chote. Hakikuwa na ladha hata kidogo mdomoni mwake.

Bendi ilipanda jukwaani. Mpiga ngoma alikuwa yuleyule wa zamani, mtu aliyekula nyumbani kwao zaidi ya alivyokula kwake. Alipomwona Mama Mwiko, kijiti kilimteleza. Walipopumzika akaja mezani, jasho likimtiririka.

"Shemeji," alisema, "karibu huku kwetu..."

"Shemeji yako si alikufa?" Mama Mwiko alimjibu. "Mimi ni dada wa bwana huyu."

Mpiga ngoma alimtazama mwenzake, akatazama viatu vyake. "Sisi ni watu wa muziki tu, shemeji. Mambo ya nyumba za watu hatuingilii."

"Kuingia kula mliingia."

Akarudi jukwaani. Mwimbaji wao mpya, kijana asiyejua lolote, akashika kipaza sauti na kusema kwamba wimbo unaofuata ni wa kumkumbuka dada yao aliyetangulia, wimbo aliotungiwa na mpiga gitaa ambaye usiku huu yuko nao ukumbini. Watu wakapiga makofi, wakamgeukia Bwana Pasi. Gitaa likaanza.

Ilikuwa tuni ile. Kumbe ilikuwa na maneno. Mama Mwiko aliyasikiliza yote, mstari kwa mstari: mwanamke anayesubiriwa kando ya maji, kofia yake, sauti yake, mwaka mrefu wa kumngoja. Mkono wake wa kulia, kwa mazoea, ulikuwa tayari unakoroga chai kwa mwendo wa wimbo. Aliuona unavyokoroga. Akakitoa kijiko, akakilaza mezani, akaukalia mkono.

Meza ya pili alikaa mzee mmoja mpima ardhi mstaafu, aliyekuja peke yake. Aliinuka, akavuta koti lake, akaja moja kwa moja kwa Bwana Pasi.

"Bwana, samahani. Naomba ruhusa nicheze na dada yako."

Bwana Pasi alimgeukia mkewe.

"Kaka hana neno," Mama Mwiko alisema, akampa mzee mkono.

Hakujua kucheza vizuri, wala mzee hakujua sana, kwa hiyo walielewana. "Gauni lako linapendeza," mzee alimwambia, basi tu, kama mtu anayesema mvua imekatika. Mama Mwiko ilibidi atazame taa ili machozi yasianguke.

"Mume unaye?" mzee aliuliza.

"Nilifiwa."

"Pole. Ulimpenda?"

Mama Mwiko alifikiri. "Nilimpikia," alisema.

Walikaa ziwani mpaka likizo ikaisha. Alivaa magauni yote. Mchana alitembea kando ya maji na miwani yake, na wahudumu wakampenda, wakamwita dada. Bwana Pasi alimfuata nyuma na mashati yaliyojikunja, kwani pasi ilikuwapo chumbani lakini hakuna aliyeishika. Usiku, vitanda viwili, kila mtu na ukuta wake. Mara moja alimsikia mumewe akiita jina lake la usichana gizani, jina alilomposea. Alivuta shuka.

Nyumbani alihamia chumba cha binti yao. Alipika sufuria dogo, la mtu mmoja. Bwana Pasi akajifunza mayai, kisha viazi, akaungua vidole, akazoea. Suruali zake zililegea magoti kama za watu wengine, na mtaa uliendelea kumwita Bwana Pasi kwa mazoea tu. "Kaka," aliitwa uani, "kaka, maji yamekatika." Majirani walicheka, wakasema mapenzi ya wazee yana vituko. Mara moja tu alijaribu kushika gitaa. Mama Mwiko alitoka jikoni mikono ikidondoka maji, akasimama mbele yake mpaka mumewe akaliweka chini.

Mtu angesema ameshinda. Lakini chakula chake kilianza kuharibika. Chumvi ilizidi, wali ukashika chini, kwa sababu mkono ulikosa mwendo wa kuufuata. Na siku mkono ulipoupata, aligundua anaimba kimoyomoyo wimbo wa yule mwanamke, akasukuma sufuria na kulala na njaa.

Binti alikuja kuwatembelea, na mjukuu. Alisikia "kaka" asubuhi, akaisikia mchana. Jioni akamfuata mama yake jikoni, akafunga mlango.

"Mama, baba amezeeka. Msamehe basi."

"Nimsamehe nini?" Mama Mwiko aliuliza. Hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Binti aliinama, akaanza kuokota maganda ya vitunguu ambayo hayakuhitaji kuokotwa. "Yule mwimbaji," alisema. "Nilijua tangu nikiwa sekondari. Niliwaona mjini. Nilidhani nawe unajua, mama, unanyamaza kwa ajili yetu. Nilikuwa nakuheshimu kwa hilo."

Mama Mwiko alihesabu. Bendi ilijua. Hoteli nzima ilimjua yule mwanamke, hata mpishi aliyelia. Na mtoto huyu, aliyekuwa akimsaidia kuoka zile biskuti, akizipanga kwenye makopo, naye alijua.

"Sikujua," alisema.

"Mama..."

"Sikujua, mwanangu. Mimi nilikuwa napika."

Mjukuu aligonga mlango, akasema ana njaa. Binti alinyoosha mkono kumgusa mama yake begani, lakini Mama Mwiko alikuwa ameshageuka. Alishusha sahani kutoka kwenye rafu, akaanza kumpakulia mtoto.