Kanuni ya Kuosha Kamba

Watu wanaoingia mapangoni kwa hiari yao, tena siku ya mapumziko, wana ugonjwa wao, na wanaujua. Lakini hakuna kitu kinachowapandisha mori kama sinema ya pangoni. Ndiyo maana kila mwisho wa mwezi walikusanyika sebuleni kwa Mama kutazama moja, wapate kuisema vibaya kwa pamoja. Mama alikuwa na televisheni kubwa kuliko dirisha lake, na watoto wake wawili, kaka na dada, ndio walioanzisha kikundi.

Mchezo ulikuwa na kanuni moja. Ukiona jambo la uongo, unapiga kelele: "Uongo!" Sinema inasimamishwa, nawe unasema ukweli wake. Ukishindwa, unaosha kamba zote za kikundi, na kamba iliyotoka pangoni ina tope la kumtoa mtu imani. Hakimu alikuwa Mama, maana yeye ndiye aliyeshika rimoti.

Safari hii kaka mtu hakuwepo. Jiwe lilimwangukia pangoni kabla ya mvua, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kutaja sinema. Aliyewaita watu leo ni Mama mwenyewe.

Dada mtu, waliyemwita Mjusi kwa jinsi alivyopita kwenye nyufa, alikaa sakafuni, mgongo kwenye kochi. Alifanya kazi kwa daktari wa meno, ya kushika mrija wa kunyonya mate, na aliijua ganzi vizuri: mgonjwa hugusa shavu lake mwenyewe kama anagusa la jirani. Sasa yeye alikuwa hivyo mwili mzima. Anakula, anaoga, anacheka panapochekwa. Kitu kimoja tu kilipenya ganzi hiyo, nacho ni swali la Mama, kwa kuwa Mjusi ndiye aliyekuwa na kaka yake mle ndani.

"Alisema nini mwisho?" Mama aliuliza siku ya mazishi. Akauliza jikoni. Akauliza hata kwenye mlango wa choo, mtu yumo ndani.

"Nitakwambia, Mama," Mjusi alijibu kila mara, kisha akatafuta sahani ya kuosha. Alichosema marehemu hakikuwa neno la kumpelekea mama mzazi.

Sinema ikaanza. Haikufika mbali.

"Uongo!" Huyo alikuwa fundi wa lifti, waliyemwita Fundo. "Ana taa ndani ya helmeti inamulika uso wake mwenyewe! Anatafuta njia au anatafuta mchumba?"

"Ukweli wake?" Mama akauliza.

"Taa inamulika mbele, Mama. Ukimgeukia mwenzio unampofua, naye anakutukania ukoo mzima."

"Pita."

"Uongo!" akadakia mwenzao muuza miwani. "Popo wote hao wamvamie usoni kwani amewalia nini? Popo ana shughuli zake. Anakupita kama karani anavyompita mwenye shida."

"Pita."

"Na huyu binti," Fundo akaendelea, "ametambaa saa nzima, nywele bado za kwenda harusini!"

"Mwanangu alirudi siku moja nikashindwa kumtambua," Mama akasema. "Nikamwambia, pita nyumba ya pili, leo sina kitu."

Wakacheka wote, halafu kicheko kikakatika chenyewe, kama maji ya bomba. Mjusi naye alikuwa amecheka. Aliusikia mdomo wake ukifanya hivyo.

Ndipo jiwe likaanguka kwenye sinema. Shujaa amelala chini yake, rafiki amemshika mkono, vinanda vinalia kutoka mahali ambapo hakuna vinanda. Shujaa akaanza kuaga. Akamuaga mke, akamuaga mama yake, akasamehe adui, akatoa na wosia kuhusu mbwa.

Hakuna aliyepiga kelele. Fundo alichunguza kucha zake. Muuza miwani alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Mama akaisimamisha sinema.

"Mbona kimya?"

"Mama, si lazima..." Fundo akaanza.

"Wewe nyamaza. Mtu ana jiwe kifuani kubwa kama friji, anahutubia kama mgombea, na hakuna aliyeona uongo? Mmepofuka wote leo, na muuza miwani tunaye hapa hapa?"

Mjusi alitazama zulia. "Uongo," akasema. Sauti ilitoka kama ya mtu aliyekaa nyuma yake.

"Haya. Kanuni unaijua."

"Nitaosha kamba, Mama."

"Kamba zitaoshwa. Mimi nimeuliza ukweli."

Ikawa hakuna sahani ya kukimbilia.

"Tulikuwa tunapanda," Mjusi akasema. "Mimi juu, yeye chini yangu. Akasema, 'Wee Mjusi, toa buti lako hapo, unanilisha tope.'"

"Halafu?"

"Nikamwambia ale tu, lina madini."

"Halafu?"

"Akacheka. Halafu ukuta wa pembeni ukaachia jiwe. Basi, Mama. Hakuna kingine. Nimetafuta sana, hakuna."

Mama aliigeuzageuza rimoti mkononi.

"Alicheka kile cha puani?"

"Cha puani."

"Mimi nilidhani aliniita," Mama akasema. "Siku zote hizi. Nilidhani aliita, akaita, nikawa sisikii."

Mama akashusha pumzi, akabonyeza kitufe.

"Pita," akahukumu.

Mjusi alikuwa ameshinda, lakini alinyanyuka akaenda uani kuosha kamba. Alilaza kamba kwenye beseni, akaingiza mikono hadi kwenye viwiko. Maji yalikuwa ya baridi. Alilijua hilo kwa kuona nywele za mikono zimesimama. Yakawa mekundu kwa tope, akayamwaga, akajaza mengine.

Mlango wa uani ukafunguka. Mama alikuwa ameshika mabuti ya Mjusi, yale yaliyokaa nyuma ya mlango tangu siku ile, tope limekauka juu yake likapasuka vipande. Hakuna aliyewahi kuyasogeza, hata kwa ufagio.

"Ni lipi?" Mama akauliza.

"Mama..."

"Nimeuliza, ni lipi?"

"La kushoto."

Mama akaliweka la kulia kando. Akachuchumaa, akalitia la kushoto kwenye beseni, akaanza kulisugua kwa kidole gumba. "Tangu wadogo ulikuwa unamlisha tope," akasema. "Mara ya kwanza hata meno hujaota. Mimina."

Mjusi akamimina. Mikono ilikuwa bado si yake, lakini ilimimina polepole, pale palipotakiwa.

Ndani, Fundo akapiga kelele: "Uongo! Jamani, huyu bado anaongea!"

"Simamisheni," Mama akajibu bila kugeuka. "Hakimu ana kazi."