Jina la Juu Kwenye Bango

Mvua ikipiga bati, kaka mtu, bondia wa zamani, husimama. Awe anakula, awe amelala, atasimama wima katikati ya sebule, anyanyue mikono miwili na kugeuka taratibu pande zote nne akiwashukuru watu. Kwake ile si mvua. Ni makofi ya ukumbi uliojaa. Dada yake alishaacha kumwambia akae. Hungoja tu mvua ipungue, kisha humshika kiwiko na kumrudisha kitini, na hapo swali hutoka, lile lile la miaka yote.

"Mdogo wangu, mimi na Msumari, nani aliuza zaidi?"

"Wewe, kaka."

"Kwa mbali?"

"Kwa mbali sana."

Hakuwa anamdanganya. Huo ndio ulikuwa mkosi wenyewe.

Dada huyu alifanya kazi chumba cha mauzo, katika kituo cha televisheni kinachoonyesha ndondi za kulipia. Mtazamaji analipa kwa simu, picha inafunguka. Asipolipa, anabaki na kioo cheusi na kelele za jirani. Kazi ya dada ilikuwa kuangalia mstari wa mauzo. Kila anayelipa anausukuma mstari juu kidogo kwenye kompyuta, na bondia mwenye mvuto hujulikana hapo, si kwa mikanda wala kwa majigambo. Chumba chenyewe hakikuwa na televisheni hata moja. Wakubwa walizikataza zamani, maana watu walinogewa na ngumi wakasahau kilichowaleta kazini. Basi mapambano yote makubwa dada huyu hakuyaona. Aliyasoma kwenye mstari, kama mtu anayejua chakula cha jirani kwa harufu.

Palikuwa na desturi nyingine, ya kijinga hasa, lakini nani angeuliza? Mauzo yote ya pambano aliandikiwa bondia ambaye jina lake limekaa juu kwenye bango. Wa chini hakuandikiwa kitu, hata kama watu walimfuata yeye. Katika pambano la mwisho la kaka yake, aliyeitwa Radi enzi hizo, jina la juu lilikuwa lake. Msumari, staa wa leo, alikuwa bado kijana asiyejulikana, kabanwa chini kwa herufi ndogo.

Kisha akaja mkurugenzi mpya. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wafanyakazi, kwa kuwa kituo kilikuwa hoi bin taabani. Kijana alikuwa mchangamfu, viatu vinang'aa kuliko meza zao, na alitaka jambo moja tu: kujua ni bondia gani anavuta watu kuliko wenzake, ampambe upya. Hakungoja kuletewa. Alichimbua mwenyewe mauzo ya miaka yote, akawalinganisha mastaa mmoja mmoja, na asubuhi moja akatokea mlangoni kwa dada na uso wa mtu aliyeokota dhahabu.

"Dada, unamjua huyu Radi? Kamzidi Msumari mara mbili. Kawazidi wote! Mtu kama huyu mnamwachaje akae nyumbani?"

Wazee wa kazi ghafla wakawa na mambo mengi ya kusoma kwenye kompyuta zao.

"Ni kaka yangu, bosi. Mgonjwa. Ngumi zimemharibu kichwa."

"Pole sana. Lakini nimempigia simu, mbona kanijibu vizuri tu? Ni maonyesho, dada. Yeye na Msumari, raundi chache za kukumbushana."

"Daktari alisema hatakiwi kuguswa hata kofi."

"Atapimwa na daktari wetu. Namba hazidanganyi, dada yangu. Nimemwambia aje kesho."

Jioni dada alipofika nyumbani alimkuta kaka yake kavaa suti tayari, vifungo vimepishana, mguu mmoja kiatu chake na mwingine ndara ya dada. Siku nyingine wangecheka wote wawili.

"Nimeitwa," alisema kaka.

"Kaka, nakuomba usiende. Ukipigwa tena utakufa."

"Mtu aliyewazidi wote kwa mauzo anakataaje kazi?"

Dada akamfungua vifungo, akavifunga upya. Kaka alishasahau njia ya sokoni. Jina la mama yao lilimtoka, likarudi, likamtoka tena. Ile namba tu ndiyo haikumtoka. Ili kumzuia asipande ulingoni ilikuwa lazima amnyang'anye hiyo, na miaka yote yeye alikuwa akifanya funika kombe mwanaharamu apite. Kwa sababu alijua namba ile ilivyopatikana.

Siku ya pambano lile la mwisho mstari ulilala tangu kengele ya kwanza. Bango zuri, jina la kaka juu, na watu hawakununua. Mpaka raundi ya saba. Hapo mstari ukainuka ghafla, ukapanda kama umekimbizwa. Dada, asiye na picha ya kutazama, alijua jambo moja tu: watu wanapigiana simu. Akaamini kaka yake anashinda. Aliruka kutoka kitini akapiga makofi, wenzake wakamkumbatia, na kadiri mstari ulivyopanda ndivyo alivyozidi kupiga. Hospitali ndiko alikoambiwa watu walikuwa wakiitana kwa lipi: fungua upesi, kuna mtu anauawa na mwamuzi hasimamishi.

Tangu hapo, mstari wowote ukipanda, hata wa mechi ya mpira, husikia makofi. Si ya ukumbi. Ni yake mwenyewe. Huyasikia kwenye korido, huyasikia akifua nguo, na hajawahi kumwambia mtu.

Kesho yake alitaka kumwona bosi peke yake, lakini bosi alichelewa, na alipoingia, kaka alikuwa amekwisha kukalishwa kwenye kiti cha wageni, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti. Bosi akampa mkono kwa heshima. Kaka akatabasamu kama zamani. Dada akaona asiposema sasa atamzika.

Akaweka kompyuta mezani.

"Bosi, umetazama jumla. Tazama dakika kwa dakika." Akaugusa mstari mahali ulipolala. "Hapa pote hakuna aliyemtaka Radi. Jina lake lilikuwa juu, ndiyo maana kaandikiwa yeye. Walionunua wamenunua kuanzia hapa. Hapa ndipo alipoanza kupigwa vibaya. Walilipa wamwone anavyoangushwa. Hiyo ndiyo namba yenu."

Hakuthubutu kumtazama kaka yake. Alimsikia akivuta kiti karibu na kioo.

"Huu mstari ni mimi?"

"Ni wewe, kaka. Nisamehe."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa chumbani pale, nauona unapanda. Nilikupigia makofi. Nilidhani unashinda."

Akaanza kulia, mbele ya bosi, bila aibu. Kaka akamwekea mkono kichwani, mkono mzito usiotulia, akampapasa kama alivyokuwa akifanya walipokuwa watoto. Macho yake hayakuutoka mstari. Dada akangoja avunjike. Lakini uso wa kaka ulikuwa unalegea, unapata nafuu, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kumbe sikuhitaji kushinda," alisema.

Bosi hakuwa akimsikiliza yeyote. Alikuwa ameinama juu ya kioo, kidole chake kimesimama pale mstari unapoinuka, na dada akakiona kile kidole, akaelewa alichofanya. Alikuja kumwonyesha kwamba kaka yake hauziki, amemwonyesha anavyouzika.

"Raundi ya saba," alisema bosi polepole, kama anajisemea.

"Ya saba nafika, bosi," kaka akamjibu upesi. Akamgeukia dada yake, macho yanang'aa kwa furaha. "Si ndiyo, mdogo wangu? Mwambie. Ya saba nafika."