Kimya cha Tarumbeta

Fundi saa alipenda wimbo mmoja tu duniani, ila alikuwa nao mara kumi na tisa. Ni ule wimbo mkongwe wa jazi, wa mtu anayemngoja mpenziwe dirishani, ambao kila mwanamuziki mwenye pumzi kifuani ameshaujaribu. Alikuwa nao kwa piano peke yake, kwa bendi ya watu ishirini, kwa mwanamke mwenye sauti nzito, hata kwa filimbi. Huo wa filimbi, jamani, aliuweka ili wageni wajue mambo yanaweza kuharibika kiasi gani.

Lakini mfalme wa yote alikaa kwenye kaseti moja kuukuu. Wimbo ulirekodiwa kutoka redioni miaka ishirini na minne iliyopita, siku iliporushwa tamasha moja kwa moja kutoka ukumbini. Tarumbeta linapanda, linapanda, halafu ghafla, kimya! Sekunde tisa nzima, na aliyezipima ni fundi saa, nani wa kubishana naye? Ndani ya kimya hicho kinasikika kijisauti, nyach, nyach, kisha tarumbeta linarudi kwa kishindo.

"Mnasikia?" huwauliza wageni, kidole juu. "Analamba midomo! Huyo ndiye mwanamuziki. Wengine wanapuliza tu."

Mkewe, mshonaji wa nguo za harusi, huyasikia maelezo hayo akiwa na pini mdomoni, na kimya chake yeye hakuna aliyewahi kukipima.

Balaa lilianza miezi miwili nyuma, kaka yake mshonaji alipokuja kutembea. Huyu ni kinyozi, na kwake wimbo ule ni mmoja tu, wa yule mwanamke mwenye sauti nzito, uliorekodiwa studio, safi, hakuna hata pumzi inayosikika. Akakalishwa, akawekewa kaseti. Sekunde ya tano ya kimya, akakohoa.

Fundi akazima mashine. "Umekohoa."

"Kikohozi hakipigi hodi, shemeji."

"Wewe huna masikio. Una vishikio vya miwani."

"Na utepe wa kaseti yako ungefaa kufungia miche ya nyanya!"

Basi, salamu zikafa siku hiyo hiyo. Watu wazima wawili, wenye mvi zao, wakikutana njiani kila mmoja anatazama ukuta.

Na Jumamosi binti wa fundi alikuwa anaolewa. Mjomba ndiye aliyempeleka shule kwa baiskeli miaka saba, na binti alitaka mjomba huyo ndiye asimame aseme neno. Kinyozi akasema hakanyagi bila kuombwa samahani. Fundi naye akasema kwanza aje asikilize kimya mpaka mwisho, halafu aombe radhi yeye. Jumanne, akipimwa gauni, binti alilia mpaka mama akaogopea kitambaa. "Mama, kama mjomba haji, mimi siku hiyo nitacheka vipi?"

Hapo mshonaji akazitema pini. Alikuwa na neno moyoni, amelilalia miaka yote hiyo. Mwanzoni alilificha kwa kuogopa kugombezwa, baadaye kwa kumwonea mumewe huruma, na mwisho kwa aibu ya kuchelewa. Akamfuata mumewe dukani, mezani kwake.

"Baba watoto, siku ile ulikuwa kazini, juu ya saa ya stesheni. Uliniachia mimi nirekodi."

"Na ulifanya vizuri sana."

"Subiri. Waya hatukuwa nao. Nikaweka redio ya jirani na mashine yetu uso kwa uso, nikatulia kama ulivyoniagiza. Tarumbeta lilipopanda, mtoto akashtuka. Nikaona huyu akilia ataingia kwenye kaseti, nami nitakueleza nini? Nikapunguza redio, nikampa ziwa. Alipotulia nikaongeza."

Fundi akaweka koleo lake chini taratibu. "Yule anayelamba midomo..."

"Ni binti yako, huyu anayeolewa. Ananyonya."

Fundi akaivuta mashine karibu. Akaiwasha kaseti, akainama mpaka sikio likagusa mashine. Sekunde tisa zikapita. Akarudisha, akasikiliza tena, na tena, na mara ya nne mshonaji akaona chozi linadondokea kwenye saa ya mteja.

"Alikuwa na njaa," fundi akasema. "Sikia anavyovuta! Hata mpiga tarumbeta hana pumzi hiyo." Kisha akageuka. "Mke wangu, miaka ishirini na minne!"

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Chukua ufunguo, tufunge."

Akaikumbatia mashine kifuani, akatoka na ndara, mkewe nyuma yake. Kwa kinyozi walikuta mteja ana povu shavu moja. Fundi hakusalimu. Akaipachika mashine katikati ya chupa za manukato, akabonyeza.

"Usikohoe," akasema.

Tarumbeta likapanda, likakatika. Nyach, nyach.

"Huyo ni mpwa wako. Ana miezi mitatu."

Kinyozi akamtazama dada yake, naye akaitikia kwa kichwa. Wembe ukabaki hewani.

"Rudisha," kinyozi akasema.

Wakasikiliza tena, na hata mwenye povu alizuia pumzi. Wimbo ulipokwisha, kila mtu akasubiri. Mshonaji aliwajua vizuri wanaume hawa. Angeweza kuwasubiri mpaka Jumamosi ipite, na hakuna ambaye angemwambia mwenzake samahani. Moyo ukaanza kumshuka.

Kinyozi akaweka wembe chini. Akapangusa mikono kwenye koti lake, akainama mbele ya mashine.

"Niwie radhi, mpwa wangu. Nilikukoholea ukiwa unakula."

Fundi naye akainama, vichwa vyao vikakaribia kugongana. "Na mimi unisamehe, mwanangu. Nimemsifia mtu mwingine kwa kazi yako."

Kinyozi akaushika tena wembe wake.

"Jumamosi saa ngapi?" kinyozi akaiuliza mashine.

"Saa nne kamili," fundi saa akaijibu mashine. "Na usichelewe."