Kijana wa Jezi ya Kuazima

Orval Hruska alikuwa refa wetu mkuu, na wiki ile aliponzwa na mdomo wake mwenyewe. Redio ya wilaya ilimwuliza ni kanuni gani angebadilisha katika futiboli ya Kimarekani ya shule za sekondari. Orval, ambaye kazi yake ya siku zote ni kupeleka barua mashambani, hakuzunguka.

“Ningefuta mkwaju wa kuanzisha,” alisema. “Mpira unapigwa mbali, halafu vijana wa pande mbili wanakimbiliana kama mafahali kichochoroni. Uwekwe tu chini, mchezo uendelee. Na aliyegongwa kichwa asirudi uwanjani siku hiyo, hata aje daktari wa aina gani.”

Mtangazaji akamwuliza kuhusu kutumia video kuhakiki maamuzi. Orval akacheka. “Hapana. Huu ni mchezo wa watoto, si mahakama.”

Jumamosi tulikwenda kuchezesha Wyatt Fork, mji wa mahindi ambako hata mchungaji hufupisha ibada timu ikicheza. Taa za uwanja zilikuwa zimeharibika, kwa hiyo mechi ilihamishiwa mchana. Mimi, Marlys, nilikuwa mwamuzi wa pembeni, karibu kabisa na jukwaa, na kila neno lilinifikia.

“Orval! Umewaletea wanetu mito wailalie?”

“Mwambieni akachezeshe mdako!”

Orval aliwapungia mkono akitabasamu. Lakini garini, tulipokuwa tukija, alikuwa ameniambia maneno mengine. “Dada, watu wanadhani mimi ni mkaidi. Mimi ni mwoga. Mkwaju ukipigwa, nawahesabu vijana mpaka niwaone wote wamesimama.”

Kipindi cha tatu kati ya vinne kilianza kwa mkwaju. Mpira ulidakwa na Trace Vondra, kijana mwenye mbio kuliko wote Wyatt Fork, jezi namba ishirini na mbili. Hakufika mbali. Kofia yake ngumu iligongana na ya mwenzake kwa mlio ulionisisimua mwili. Trace aliinuka upesi, watu wakashangilia. Kisha akatembea taratibu kuelekea benchi la wapinzani.

Orval akamfuata, akamshika bega. “Kijana, leo mnacheza na nani?”

“Ijumaa,” akajibu Trace.

“Sijakuuliza siku, mwanangu.”

Orval akamtoa nje. Kocha wa Wyatt Fork, Rademacher, akaja mbio, uso umemwiva.

“Refa, ameduwaa tu huyo! Anywe maji, arudi.”

“Kanuni unaijua, kocha. Bila ruhusa ya daktari harudi.”

“Daktari nitamtoa wapi hapa, kwenye mahindi?”

“Basi harudi.”

Tangu hapo jukwaa likabadilika. Utani ukaisha, yakabaki matusi. Mtu mmoja nyuma yangu alikuwa akirudia kwa sauti ya chini, bila kuchoka, “Tunalijua gari lenu. Tunalijua gari lenu.” Sikugeuka. Upepo wa baridi ulizidi kuvuma.

Mechi ilipokaribia kwisha wageni walifunga, wakaongoza. Wakajipanga kupiga mkwaju, maana hupigwa na aliyefunga, na Wyatt Fork wakajipanga kuupokea. Orval alisimama nyuma kabisa, karibu na kijana wa kuudaka, aliyevaa jezi namba arobaini na moja, uso nyuma ya vyuma vya kofia. Mimi nilimwona kijana wa kawaida. Mpigaji akainua mkono, akaanza kukimbia.

Hapo ndipo yule kijana alipogeuka akaupa mpira mgongo. Akasimama akitazama milingoti ya goli lake mwenyewe, mikono imening'inia, kama mtu aliyesahau alichokifuata chumbani.

Orval akapuliza filimbi. Alichelewa, mpira ulikuwa umeshapaa. Akapuliza tena na tena, lakini upepo uliimeza sauti, na vijana wa upande wa pili walikuwa wakija vichwa chini, kwa kasi yao yote. Nikapiga kelele, nisijue namwita nani. Nikamwona Orval, mzee yule mwenye magoti mabovu, akikimbia na kusimama mbele ya kijana, mikono ameitanua.

Wawili waliwahi kujizuia. Wa tatu alimgonga Orval begani, akamwangusha. Orval akajikokota, akaifungua kofia ya kijana. Alikuwa Trace. Walikuwa wamemvisha jezi ya mwenzake.

“Ni nani aliyekuruhusu kurudi?” Orval akamwuliza.

Trace akalia kama mtoto mdogo.

Orval alirusha kitambaa cha njano cha kuonyesha kosa, akamfukuza kocha uwanjani. Wyatt Fork wakashindwa, na baada ya filimbi ya mwisho watu wakamiminika. Tulikimbilia chumba chetu, ambacho ni stoo ya mashine za kukatia nyasi, tukasukuma benchi mlangoni. Ngumi zikaanza kupiga bati.

“Toka, Orval! Umetuibia mechi!”

Tulikuwa waamuzi watano humo ndani, watu wazima, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Orval alikaa chini akilishika bega lake. “Wakiingia,” aliniambia, “wewe pita dirishani.” Dirisha lenyewe lilikuwa na nondo.

Kisha tukasikia sauti ya mwanamke. “Nipisheni! Refa! Mimi ni mama yake Trace!”

“Usifungue,” mwenzetu mmoja akanong'ona. “Huyo ndiye atatumaliza.”

“Refa, mwanangu anatapika. Hamkumbuki dada yake. Watu wa ambulansi wanauliza aligongwaje na lini, na kocha anasema hajui. Wewe ulimwona. Nakuomba, baba!”

Orval akasimama. Midomo yake ilikuwa myeupe. Alilivuta benchi kwa mkono mmoja, akafungua. Nilimfuata kwa sababu niliogopa zaidi kubaki. Watu walikuwa wamejaa mpaka getini, lakini mama yule alimshika refa mkono akapita naye katikati yao, na hakuna aliyemgusa. Wengine walikuwa wameshaisikia habari, waliinamisha macho.

Trace alipelekwa hospitali mjini Omaha kwa helikopta. Damu ilikuwa inavuja ndani ya fuvu. Wakamfanyia upasuaji, akapona, ingawa mpaka leo anatafuta maneno anapozungumza, na futiboli hachezi tena. Rademacher aliacha ukocha.

Wakati wa masika kamati ya ligi yetu ilimwita Orval, ikamsikiliza kwa heshima. Ikakubali kwamba aliyegongwa kichwa asirudi siku hiyo, hata daktari akiruhusu. Mkwaju ikauacha. Mjumbe mmoja alimwambia, “Mzee, watu wanalipa kiingilio kuuona.”

Msimu uliofuata Orval alirudi kuchezesha. Nilimwuliza kwa nini, na yeye anaogopa hivyo.

“Wasioogopa wako wengi, Marlys,” alisema, akafunga kamba za viatu.