Nusu ya Kichwa cha Mama

Mama alikuwa msusi. Kabla kiharusi hakijamnyang'anya mkono na mguu wa kulia, wanawake walipanga foleni kibarazani kwetu, na mabibi harusi wengi wa mtaa wetu walishalaza vichwa mapajani mwake. Alipoanguka, hakutaka mtu amguse nywele. "Heri nionekane kichaa," alisema, "kuliko kulimwa kichwa na niliowafundisha mwenyewe."

Kabla ya Krismasi walikuja vijana wa chuo, wamevaa fulana za bluu zenye msalaba, kwa huduma ya wiki moja. Asubuhi walipaka rangi zahanati, mchana walitembelea wagonjwa. Kwetu aliletwa binti mmoja mwembamba. Aliimba, akaomba, kisha badala ya kuaga akauliza, "Mama, nikusuke?"

"Unajua?"

"Sijui. Nifundishe."

Mama alicheka. Tangu aanguke sikuwa nimekisikia kicheko kile.

Binti alirudi kila mchana. Mimi nilikuwa uani nachomelea mageti, nawasikia.

"Njia imepinda hiyo! Unasuka au unatafuta ng'ombe aliyepotea?"

"Mama nawe, kichwa chako ndicho kina kona."

"Fumua, uanze upya, Mkwe."

Alimwita Mkwe ili anichokoze mimi, nisiye na mke. Wiki ile mama alimaliza uji bila kubembelezwa. Na kwa kuwa kila msuko uliopinda aliukataa, siku ya mwisho basi la chuo lilipopiga honi, ulikuwa umekamilika upande wa kushoto tu. Wenzake waliingia wakampiga mama picha.

"Nitamalizia Pasaka, mama. Tunakuja tena."

Mama alimwamini. Misuko ikalegea, nywele zikaanza kuchomoka. Shangazi alikuja na chanuo, akafukuzwa. "Kichwa hiki kina mwenyewe." Kwaresma nzima aliniuliza kama barabara inapitika.

Pasaka fulana za bluu zikaja. Sura zote ngeni. Mama alichungulia nyuma ya kila aliyeingia, mpaka kiongozi wao akafunga mlango.

"Mwenzenu yule yuko wapi?"

"Yuko kituo kingine, mama. Utaratibu wetu, mwanafunzi harudii kituo. Kila mmoja ajifunze huduma mahali papya."

"Hata kumalizia?"

Kiongozi alitabasamu kwa upole. "Anayemalizia ni Mungu, mama."

Waliomba. Mama akaitika amina. Binti mmoja wao alikuwa akimtazama kichwa muda wote, akanong'ona, "Nikumalizie mimi?"

"Hapana, mwanangu. Asante. Wewe nawe una basi lako."

Walipotoka akaniambia, "Fumua."

"Sijui, mama."

"Basi leta mkasi."

Mikono yangu imezoea kukata chuma. Nilikata taratibu, upande uliosukwa kwanza, kisha ule mwingine. Hakusema njia imepinda. Nilipomaliza akageukia ukutani, na uji wa jioni ile ukapoa kwenye kikombe. Wa kesho yake pia.

Alifariki mvua zikiwa bado zinanyesha. Picha pekee tuliyoipata ni ile ya Krismasi, aliyotumiwa mchungaji wetu kwenye simu. Ndiyo tuliyoiweka juu ya jeneza. Walimpiga upande wa kushoto. Anacheka, na asiyejua atadhani amesukwa kichwa kizima.