Njia ya Shemeji

Asubuhi moja mwenye mkokoteni, ambaye mtaa mzima ulimwita Taratibu, alitandika godoro juu ya mkokoteni wake wa punda, akampandisha mkewe na kumfunika khanga miguu iliyovimba. Zahanati ilionekana pale pale ng'ambo, bati lake la buluu na mashuka yaliyoanikwa kwenye kamba. Katikati ilipita barabara kuu mpya, njia nne kila upande, na uzio wa waya mrefu kuliko mtu.

Miaka nenda rudi Taratibu alikuwa akiipelekea zahanati maji kwa mapipa. Punda aliizoea njia hata akawa anakwenda peke yake. Taratibu alimwachia kamba tu, akabaki akinywa chai. Mkewe alimwita punda huyo Shemeji, kwa kuwa mumewe alimthamini kama ndugu wa tumbo moja. Barabara ilipokamilika, Shemeji aliendelea na njia yake ya zamani. Aliupita uzio kama hewa, akakatiza katikati ya malori, na malori yakakatiza katikati yake. Maji yalifika bila kumwagika. Mtaa ukatazama kidogo, kisha ukarudi kwenye shughuli zake.

Basi Taratibu akaona ampakie mke.

"Haya Shemeji, mgonjwa huyo, polepole," akasema, akaachia kamba.

Punda akaingia kwenye uzio, mkokoteni ukamfuata, godoro nalo. Mke akabaki amekaa vumbini, khanga mapajani.

"Mbona umeshuka?"

"Sijashuka mie. Nimeachwa."

Simu ikalia. Alikuwa nesi wa zahanati. "Mzee, godoro limefika. Mgonjwa yuko wapi?"

"Kabaki huku."

"Dawa nitakupakilia, lakini hicho kifua lazima nikisikilize mwenyewe. Moyo haupimwi kwa simu."

Punda aliporudi, Taratibu akajaribu kuandamana naye, ameshika mkia. Uzio ukamwachia nundu kwenye paji la uso. Mkewe alicheka mpaka pumzi ikamkatika, ikabidi mumewe amshikilie.

Walijaribu teksi. Ilikwenda mpaka mji wa jirani ndipo ikapata pa kugeuzia, foleni ikawakamata wakati wa kurudi, na walipofika mlango ulikuwa na kufuli. Pikipiki mke hakuiweza kabisa. Alihema kama aliyepanda ngazi hata akiwa amelala.

Siku moja injinia wa barabara alikuja na kofia yake ngumu. Akamtazama Shemeji akipita ndani ya basi, abiria wakiendelea kusinzia.

"Huyu mnyama hana rifleta," akasema. "Ni hatari."

"Nitamfunga moja. Na binadamu, injinia, wapite wapi? Hata kadaraja ka miguu hakuna."

"Mzee wangu, mchoro ulihesabu magari. Watu hawamo." Alisema kwa upole, kama mtu aliyekuja kutoa pole msibani, akaondoka.

Taratibu akamfunga Shemeji rifleta nyekundu ya kung'aa mkiani. Dawa zikawa zinakuja kwenye mkokoteni, za kukisia. Miguu ya mke ikazidi kujaa maji. Kila asubuhi alitaka ajaribiwe tena. Kila asubuhi aliachwa vumbini, na mumewe akamwinua na kumpangusa.

"Labda mimi ndiye mzito," akasema mara moja.

"Wewe? Pipa la maji linakushinda kilo, mama."

Kisha ikaja asubuhi ambayo hakusema kitu alipopandishwa. Taratibu akamweka sawa, akaachia kamba. Shemeji akaingia kwenye uzio, mkokoteni ukamfuata, godoro nalo, na mke juu yake. Taratibu akamwona akivuka njia zote. Lori la saruji likampitia kifuani, na khanga haikutikisika. Akasubiri ageuke ampungie mkono. Hakugeuka.

Taratibu akaushika waya wa uzio kwa mikono miwili, akakaa hivyo mpaka simu ilipolia.

"Mzee, leo amefika," nesi akasema. "Lakini amekuja hana pumzi tena. Nimrudishe?"

"Usimrudishe. Alikuja kusikilizwa kifua. Msikilize."

Ng'ambo ya barabara mlango wa zahanati ulifunguliwa, ukafungwa.

"Sawa, mzee," nesi akasema. "Ila kuna wawili mbele yake."

"Hamna neno," Taratibu akajibu. "Tutasubiri."