Mahali pa Kumkalisha Mzee

Baba mkwe wangu hajawahi kuingia nyumbani kwangu, na hataingia. Hatujagombana. Ni mila: kwetu Wagusii mzee haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Heshima hiyo ya kuoneana haya tunaiita chinsoni, na mimi sina neno nayo. Neno langu ni kwamba Mzee Ombati alijua kuitumia mila hiyo kama mtu anavyotumia jembe lake mwenyewe.

Wakati huo mimi na mume wangu Mathew tulikuwa tunaishi Kisii mjini, ghorofa ya nne, chumba kimoja. Kitanda, meko, ndoo za maji na televisheni vyote vilitazamana. Mathew anafanya kazi katika ofisi ya wapima ardhi. Mimi nauza mbegu na dawa za ng'ombe katika agroveti moja karibu na soko. Tangu tuoane nilikuwa naota kitu kimoja tu: chumba cha pili chenye mlango. Jumba sikutaka. Nilitaka mlango niufunge, nikae ndani na cherehani yangu bila kuona miguu ya mtu.

Mzee alikuwa akienda kliniki ya macho mjini mara moja kwa mwezi, na akitoka huko alipita kutusalimu. Ngazi hapandi. Alichukua mtungi mtupu wa plastiki, akaulaza pale langoni, akaukalia, kofia magotini na koti lake la kanisani mwilini. Kila mpangaji aliyepita alisalimiwa.

"Mimi ni baba yake Mathew wa huko juu," alisema. "Hapana, sijafungiwa nje. Ni vile tu hakuna mahali pa kukaa."

Aliyasema hayo kwa sauti ya mgonjwa, ilhali mtu huyu amefundisha kwaya miaka ishirini na akiita ng'ombe anasikika ng'ambo ya mto. Wapangaji wakaanza kuniangalia vibaya. Chai nilishuka nayo ghorofa nne. Kikombe cha pili nacho nikashuka nacho.

Nikamwambia Mathew nyumba ya kupanga si nyumba ya kimila, kwani hata kuta si zetu, kwa hiyo baba yake apande tu. Mathew akamfikishia hoja hiyo pale langoni.

"Kuta ni za landilodi, hiyo ni kweli," Mzee akakubali. "Na kitanda ni cha nani?"

"Chetu, Tata," Mathew akamjibu baba yake.

"Basi hiyo ni nyumba."

Mwezi wa nane akatoa hukumu. "Tafuteni mahali ambapo mtu wa umri wangu anaweza kukaa kama binadamu. Mkikosa, Desemba mrudi Magwagwa mjenge. Shamba liko. Watu wanasafiri kwenda kazi kila siku na hawafi."

Mathew akajibu, "Sawa, Tata."

Nilitamani kumpiga ngwala mume wangu mbele ya wapangaji wote. Magwagwa iko Nyamira ndani kabisa, magari mawili mpaka Kisii, na mvua ikinyesha pikipiki inakubeba kidogo, kisha wewe unaisukuma. Ningekuwa naamka saa kumi alfajiri. Na mlango wangu, kama ningeupata huko, ungefunguliwa na kila shangazi anayepita kuomba chumvi.

Tukaanza kutafuta nyumba nje kidogo ya mji, kila Jumapili. Tulipopata, Mzee alikuja kukagua. Ndani hakutaka kujua. Alikagua kibaraza tu. Keumbu tulipata vyumba viwili safi. Mzee akasimama nje, akajaribu kukaa hewani.

"Nikikaa hapa," akasema, "nitakuwa naangalia bafu ya majirani. Mnataka niambiwe nini?"

Mosocho kibaraza kilikuwa chembamba. "Nikinyoosha miguu inafika barabarani. Boda boda watanikata."

Hapo nikaelewa. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mzee hakuwa anatafuta kibaraza, alikuwa anaitafuta Desemba. Na kwa kuwa dawa ya moto ni moto, nikampigia simu mama mkwe wangu, Mama Drusilla.

"Mama, Tata anapenda nini kuliko vitu vyote?"

"Drafti," akasema mara moja. "Na hakuna mtu Magwagwa anakubali kucheza na yeye tena. Ukigeuka kidogo anasogeza vizibo ubaoni. Hata mzee wa kanisa alimkataa." Akacheka. "Sasa anacheza na mimi kila jioni. Nimechoka kuliwa, lakini tunapiga stori."

Nilisikia habari ya vizibo. Hiyo ya jioni sikuisikia vizuri.

Jumapili iliyofuata nikaenda Suneka peke yangu. Huko nikampata Cleophas, mgane aliyestaafu udereva wa lori, mwenye nyumba ya kupangisha ukuta kwa ukuta na ya kwake. Kibaraza kilikuwa kipana, cha saruji, kinatazama barabara, ukikaa pale unaona kila anayekwenda sokoni na alichobeba. Choo kiko nje, kwa hiyo mgeni hana sababu ya kuomba kupita ndani. Vyumba vilikuwa viwili, na cha pili kilikuwa na mlango wenye kitasa na ufunguo. Niliuzungusha ufunguo mara tatu kwa raha tu.

Kilichoniondolea wasiwasi kabisa kilikuwa juu ya stuli: ubao wa drafti na vizibo vya soda, na Cleophas anacheza dhidi yake mwenyewe. Jirani mmoja aliniambia kwa nini. Huyu naye anasogeza.

Nikamwambia Cleophas kwamba baba mkwe wangu anasema watu wa Suneka wanashika kizibo kama mtu aliyeshika hindi la moto. Kisha nikampigia Mzee simu, nikamwambia kuna landilodi ananiuliza kama watu wa Nyamira wanajua mchezo mwingine zaidi ya kuchuma chai. Mungu anisamehe. Yote mawili yalikuwa uongo, na wala sikuona haya.

Jumatatu mimi na Mathew tuliomba ruhusa kazini, na Mzee alifika Suneka mapema. Akatafuta kosa kwanza.

"Hii nguzo imepinda."

"Nguzo haichezi drafti, mzee," Cleophas akamjibu.

Mzee akakaa. Kufika saa kumi na moja jioni alikuwa ameliwa michezo mitatu, ameshinda mitatu, na kwa hesabu yangu ya dirishani wameibiana mara saba. Mathew alipomkumbusha gari la mwisho, aliinuka akinung'unika.

"Nyumba ni ya hivyo hivyo tu," akaniambia. "Lakini huyu mtu sijamalizana naye. Hamieni."

Tukahamia. Cherehani nikaiweka kwenye chumba cha pili, chini ya dirisha. Jioni ya kwanza niliufunga mlango, nikakaa ndani bila kushona chochote. Mathew aligonga kuuliza kama naumwa. Sikuwahi kufurahi vile tangu harusi.

Raha hiyo ilidumu wiki mbili. Kisha macho ya Mzee yakaanza kuzidi. Kliniki ya mara moja kwa mwezi ikawa ya kila wiki, halafu ya Jumatatu, Jumatano na Alhamisi. Asubuhi mimi na Mathew tunasimama barabarani kungoja gari la Kisii, tunamkuta Mzee ndiyo anateremka, ameshapanda magari matatu kutoka Magwagwa, mkungu wa ndizi begani.

"Daktari ameona nini, Tata?" nikamuuliza siku moja.

"Ameona nirudi kesho."

Kila safari mkungu, kwa sababu mzee hawezi kumtembelea mwanawe mikono mitupu. Tulikula matoke mpaka Mathew akaanza kuota ugali. Majirani wakagawiwa, Cleophas akagawiwa, na zilizobaki nikazitia chumba cha pili, kwanza kando ya cherehani, halafu juu yake. Bado nilijiona mshindi. Jioni Mzee anaondoka, na ndani haingii. Desemba ilikuja na hakuna aliyeitaja Magwagwa.

Alhamisi moja nilikuwa nimepumzika kazini, nikasikia kuku analia barabarani. Ni Mama Drusilla, kuku kwapani, begi kubwa kichwani, sufuria yake mwenyewe mkononi. Akampita mumewe pale kibarazani kama anayepita nguzo. Akaingia ndani moja kwa moja. Mila iliyomzuia mzee mlangoni haimhusu yeye.

"Mama, karibu. Kuna shida?"

"Shida ni wewe, Celestine." Akakaa. "Uliniuliza mzee anapenda nini, nikakuambia kwa roho safi. Ukamchukua. Asubuhi ananiaga, usiku anarudi amechoka, hata stori hana. Nicheze drafti na kuku?" Akamweka kuku sakafuni. "Nyumba imenyamaza, binti yangu. Hicho kimya sikipendi."

Nilikuwa nimempima kila mtu katika hesabu yangu, Mzee, Cleophas, hata pikipiki za Magwagwa, na huyu mama aliyenipa siri sikumkumbuka hata mara moja. Niliona haya ya kweli, siyo ya mila.

Akafuta macho, akainuka, akaufungua mlango wa chumba cha pili.

"Hiki ni cha nani?"

Jibu lilikuwa neno moja, na lilikuwa ulimini. Nikalimeza.

"Ni cha ndizi, Mama."

"Basi ndizi zitoke."

Tukazitoa pamoja, mkungu baada ya mkungu. Cherehani nayo ikatoka. Akatandika godoro langu la wageni, akajifungia, na nikasikia ufunguo ukizunguka mara moja, mara mbili.

"Celestine!" akaita kutoka ndani. "Huu mlango unafunga vizuri sana!"

Nikatoka kibarazani nikiwa nimekumbatia mkungu, sijui niuweke wapi. Mzee hakuinua macho kutoka kwenye ubao.

"Mama yenu amefika salama?"

"Amefika, Tata. Ulijua anakuja?"

"Begi nilimfungia mimi. Sasa Magwagwa hakuna mtu wa kunipikia, na Cleophas amenipa chumba chake cha nyuma. Ng'ombe tumemwachia shangazi." Akakuna kidevu. "Tulikuwa tunataka mrudi karibu na sisi, mkamwana. Hata hivi ni karibu."

Cleophas akanigeukia, pengine kuona nitasema nini. Mzee akasogeza kizibo.